Shangilio si Onyesho: Waumini, Kwaya na Uziwi wa Uhakiki

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umejijengea mazoea ya kusikia maneno mengi na kuwa kiziwi kwa machache. Mhakiki akitakiwa kusema lolote kuhusu fasihi ya ibada ya Kikristo, hukimbilia vitabu vya nyimbo. Huko hukuta beti za kuhesabu, vina vya kukagua, na lalamiko la siku zote, ambalo kwa kweli ni la haki: kwamba tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza na Kijerumani zililazimishwa kuvaa lahani za kigeni, hata mkazo wa neno la Kiswahili, ambao makao yake ni silabi ya pili kutoka mwisho, ukaangukia mahali usipostahili. Makala ngapi zimeandikwa juu ya kasoro hiyo! Lakini katika ibada hiyohiyo kuna neno linaloimbwa Jumapili baada ya Jumapili, na ambalo mkazo wake haujawahi kumsumbua Mswahili yeyote. Neno hilo ni Amina. Halina ubeti wala kina, kwa hiyo halijapata mhakiki.

Pamoja nalo wamesahauliwa ndugu zake: Aleluya ya kuipokea Injili, Mtakatifu wa kuhitimisha Utangulizi wa Sala ya Ekaristi, tamko la waumini baada ya padri kutangaza Fumbo la imani, na Amina Kuu inayoifunga Sala yenyewe. Lugha ya liturujia huyaita haya mashangilio. Dai la makala haya ni kwamba shangilio ni kitendo cha kuridhia kinachotendwa kwa sauti, na kwamba mwenye kitendo hicho ni kusanyiko linaloridhia, wala si mtunzi wa lahani. Ukiliondoa shangilio kinywani mwa kusanyiko ukalitia kinywani mwa kwaya, hata usipobadili herufi moja ya maneno yake, umebadili utanzu wake. Uhakiki unaosoma maneno tu hauwezi kuyaona mabadiliko hayo, na ndiyo maana yametokea makanisani mbele ya macho ya wasomi bila kupingwa.

Uziwi huu una mizizi katika uainishaji. M. M. Mulokozi, katika makala yake mashuhuri kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aligawa uwanja huo katika mafungu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Sala iliangukia katika mazungumzo. Wimbo ukaangukia katika ushairi. Mgawanyo huo umefundishwa katika vyuo vya Kenya kwa miaka mingi, nao umewafaa wanafunzi. Lakini shangilio liwekwe wapi? Ni sala, nalo huimbwa. Ni wimbo, nao hauna maana ukitengwa na kauli ya mtu mwingine inayoutangulia. Mulokozi mwenyewe alisisitiza muktadha na utendaji kuwa vigezo vya msingi. Waliomfuata wamebaki na jedwali la tanzu na kukisahau kigezo.

Ajabu ni kwamba utamaduni wa Kiswahili umelijua jambo hili tangu zamani bila kusubiri liturujia ya Kirumi. Mtegaji husema "Kitendawili!" kisha hungoja. Hadhira isipojibu "Tega!" hapana kitendawili, kuna mtu aliyepaza sauti peke yake. Msimulizi hasogei mbele ya "Paukwa" kabla ya kupewa "Pakawa". Mgeni aliyepiga hodi hukaa kizingitini mpaka asikie "Karibu". Katika mifano yote hii jibu ni fupi, halibadiliki, na linajulikana na kila mtu, tena ndilo linalotoa idhini. Ufupi wake ni sharti la kazi yake: neno la kutoa idhini halina budi kuwa jepesi kiasi cha kuweza kutamkwa na wote kwa pamoja, mtoto na mzee, mjuzi na asiyejua.

Mfano ulio karibu zaidi unapatikana msikitini. Mswahili Mwislamu wa Lamu au Mombasa haisikilizi dua, huiitikia. Mmoja huomba, wengine husema Amin, na wote huhesabiwa kuwa wameomba. Wafasiri wa Kurani, wanapoieleza aya ya 89 ya Sura ya Yunus, ambamo dua iliyotamkwa na Musa inajibiwa kwa kauli inayoelekezwa kwa watu wawili, husema kwamba wa pili ni Haruni, aliyekuwa akiitikia Amin. Nadharia nzima ya shangilio imo katika ufafanuzi huo. Anayeitikia ni mwombaji wa pili, na sarufi yenyewe inamhesabu.

Hata neno Harambee, kabla ya kutwaliwa na siasa, lilikuwa mwito wa watu wanaovuta mzigo mzito. Jibu lake la kweli lilikuwa kamba kusogea. Angeitikia mtu huku mikono yake imelegea, wenzake wangelijua hilo mara moja.

Yafaa kusita kidogo kwenye istilahi, maana istilahi imechangia upotevu. Neno "shangilio" linaelekea upande wa furaha: vigelegele, makofi, mapokezi ya bwana harusi. Ni neno zuri, lakini linaficha upande wa kuridhia, na ni rahisi kwa mwalimu wa kwaya kulitafsiri kuwa kelele za shangwe ambazo wenye sauti nzuri watazifanya vizuri zaidi. Neno "kiitikio", kwa upande mwingine, limechakazwa na mafunzo ya ushairi hata likawa sawa na mstari unaorudiwa mwishoni mwa ubeti, kitu cha kupigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Lililo bora kuliko yote ni "kipokeo". Wimbo hupokewa kama mzigo unavyopokewa: aliyekuwa ameubeba huupumua, na aliyeupokea anakuwa sasa ndiye mbebaji. Kama wahakiki wangeliendeleza neno hili badala ya kuliorodhesha tu miongoni mwa visawe vya kibwagizo na mkarara, pengine mjadala huu usingehitajika.

Maandiko ya Kikristo yenyewe yanaunga mkono upande wa kupokea. Katika sura ya 27 ya Kumbukumbu la Torati Walawi wanatamka laana kumi na mbili, moja moja, na kila moja haikamiliki mpaka watu wote waseme Amina. Anayeitikia hapo anajifunga. Laana ikivunjwa itamrudia yeye. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila moja inamalizika kwa kauli ileile. Msomaji wa kimyakimya huichoka kufikia aya ya tano, ilhali kusanyiko linaloiimba halichoki, kwa kuwa kauli hiyo ni zamu yake. Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawakemea wanaoomba kwa lugha isiyoeleweka na kutoa sababu ambayo mhakiki yeyote angepaswa kuikariri: mtu asiyejua atasemaje Amina kwa jambo asilolifahamu? Kwa Paulo, basi, haki ya mtu mdogo kabisa katika mkutano ya kusema Amina ndiyo kipimo cha ufasaha wa msemaji.

Karne moja baadaye, Justino Mfiadini alipomwandikia Kaisari wa Roma kueleza mambo ambayo Wakristo hufanya wakikutana, alieleza kwamba kiongozi akimaliza kushukuru, watu wote waliopo huridhia kwa kusema Amina, kisha akaona haja ya kumfasiria Kaisari neno hilo la Kiebrania. Hieronimo, katika karne ya nne, aliilinganisha Amina ya waumini wa Roma na ngurumo. Mwanamke msafiri Egeria aliona Yerusalemu, katika sala za jioni, watoto wengi wamesimama na kuitikia Kyrie eleison kila shemasi alipotaja jina la mtu wa kuombewa. Watoto, si kwaya ya mafundi! Augustino naye aliwafundisha waliobatizwa karibuni kwamba kusema Amina mbele ya Mwili wa Kristo ni kutia sahihi. Sahihi haiwekwi na mtu mwingine kwa niaba ya mwenyewe kwa sababu ana mwandiko mzuri zaidi.

Upotevu ulitokea polepole. Kilatini kilipokoma kuwa lugha ya watu, na muziki wa sauti nyingi ulipostawi, Mtakatifu ukawa mali ya wanakwaya. Ikafika hali ya padri kuendelea na Sala yake kwa sauti ya chini huku waimbaji wakiendelea na kazi yao juu yake, kila mmoja njia yake, na waumini wakishika rozari. Uzuri wa muziki uliozaliwa katika hali hiyo hauna ubishi. Lakini ni uzuri uliolipiwa, na aliyelipa ni mwitikiaji.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliamua kumrudishia mali yake. Hati ya mwaka 1963 kuhusu liturujia, katika kifungu cha 30, inapotaja njia za kuhimiza ushiriki wa watu inayataja mashangilio kwanza, kabla ya majibu, zaburi na nyimbo. Maagizo ya mwaka 1967 kuhusu muziki mtakatifu yanasema Mtakatifu uimbwe kwa kawaida na kusanyiko lote pamoja na padri, na yanakemea desturi ya kuiachia kwaya peke yake uimbaji wote. Kitabu cha Misa cha mwaka 1970 kiliyatoa maneno ya Fumbo la imani ndani ya maneno ya kikombe, kikayafanya mwito, na kuwapa watu jibu lao. Kwa jicho la mhakiki, hayo ni mageuzi ya utanzu: sehemu ya masimulizi ya mtu mmoja iligeuzwa kuwa kauli yenye wasemaji wawili.

Basi ni nini kilichotokea Kenya? Kilichotokea ni kwamba lugha ya watu ilirudi, ngoma na kayamba zikaingia, na katika msisimko huo kwaya ikachukua tena, kwa Kiswahili, kile ambacho mageuzi yalikuwa yamekiondoa kwake kwa Kilatini. Mashindano ya nyimbo yaliwafunza watunzi kumtungia mwamuzi. Amina Kuu ikawa utungo wa sauti nne, wenye kuingia kwa besi, kujibu kwa tena, kupanda kwa soprano, kurudiwa na kurudiwa, na mwisho usiotabirika. Hapo ndipo hila ilipo. Jibu la kitendawili linaweza kutamkwa na wote kwa sababu kila mtu anajua litaanza lini na litaisha wapi. Amina isiyotabirika haiwezi kuitikiwa na asiyehudhuria mazoezi ya Alhamisi. Waumini husimama kimya na baadhi yao huinua simu kurekodi. Wimbo ukiisha, makofi hulipuka. Kusanyiko lililonyang'anywa mashangilio yake yote limebakiwa na moja tu, la kuishangilia kwaya.

Utetezi wa walimu wa kwaya unajulikana, na si wa kupuuzwa. Wanasema waumini huburuta sauti, hukosa kuingia kwa wakati, na kwamba Mungu anastahili kilicho bora. Wanasema pia kwamba kusikiliza ni kushiriki, na hapa wana hati upande wao, kwa kuwa maagizo yaleyale ya 1967 yanawataka waumini wajifunze kuungana kwa ndani na yanayoimbwa na wahudumu au kwaya. Hoja hii inafaa kwa wimbo wa matoleo na wa baada ya komunyo, na yaweza kukubalika hata kwa Utukufu, ambao ni utenzi wa sifa na unaweza kugawanywa. Haifai kwa shangilio. Utangulizi wa Sala ya Ekaristi huishia kwa kitenzi cha nafsi ya kwanza wingi: tunaungana na malaika, tunaimba. Kwaya ikiimba peke yake baada ya kitenzi hicho, kiambishi tu- kimeachwa bila wenyewe. Mwanaisimu wa mwaka wa kwanza angeiona kasoro hiyo ya upatanisho katika sentensi ya kawaida. Katika ibada haionwi kwa sababu inafanywa kwa sauti tamu. Ama kuhusu kuburuta, huko ndiko kusanyiko lilivyo. Wavuta kamba hawakosi kuburuta.

Wanaotaka mfano wa ibada ya Kiafrika hupenda kutaja Missa Luba, iliyotokea Kamina, Kongo, mwaka 1958 chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Ni kazi ya kuvutia, na iliwaonyesha wengi kwamba lahani za Kongo zinaweza kubeba maneno ya Misa. Lakini umaarufu wake ulienea kwa santuri, na mwaka 1968 Mtakatifu wake ukasikika katika filamu ya Kiingereza, If...., kijana akiucheza kwenye gramafoni shuleni. Hatima hiyo haikuwa ya ajabu: wimbo ulioimbwa na kikundi teule kwa ufundi wa kusikilizwa ulikuwa tayari umeanza safari ya kutoka altareni kwenda kwenye gramafoni. Ulio na funzo kubwa zaidi ni mpango wa Misa ulioidhinishwa kwa majimbo ya Zaire mwaka 1988, ingawa hutajwa mara chache zaidi na wapenzi wa muziki. Humo Sala ya Ekaristi hukatizwa na mashangilio ya watu, na mtangazaji amewekwa makusudi kuwaamsha na kuwaalika. Waliouandaa walielewa kwamba Uafrika wa ibada hautokani na ngoma peke yake. Stephen Mbunga, padri wa Tanganyika, alikuwa ameanza kuishughulikia sheria ya Kanisa pamoja na muziki wa Kibantu katika kitabu chake Church Law and Bantu Music cha mwaka 1963. Wanaokitaja leo aghalabu hukichukua kama kibali cha kayamba na kuishia hapo.

Kuna wizi wa pili, wa kinyume na wa kwanza. Katika mikutano ya injili na makanisa mengi ya kipentekoste kusanyiko haliporwi Amina, hukamuliwa. Mhubiri hutamka nusu sentensi na kudai Amina, akiiona hafifu hudai nyingine, humwagiza kila mmoja amgeukie jirani yake na kumwambia hili na lile. Sauti ni kubwa, lakini idhini inayodaiwa mara kumi kwa dakika si idhini tena. Wanasiasa wa Kenya walilijua hilo mapema. Hakuna mwanasiasa asiyejua kwamba "Bwana asifiwe" mara mbili au tatu huzaa Amina, na kwamba Amina hiyo, ikiisha kuzoea kutoka, hutoka hata kwa ahadi ya barabara na kwa tusi dhidi ya mpinzani. Mnamo Septemba 2021 uongozi wa Kanisa la Kianglikana la Kenya ulitangaza kwamba wanasiasa wasipewe tena nafasi ya kuhutubu katika ibada. Mjadala uliofuata ulihusu siasa na fedha. Haukugusa nyenzo iliyokuwa ikitumiwa, yaani shangilio lenyewe. Kumbukumbu za Seneti ya Roma za mwaka 438, siku ya kupokewa kwa sheria za Kaisari Theodosio, zimeandika mashangilio ya maseneta pamoja na idadi ya mara ambazo kila moja lilirudiwa. Karani alihesabu. Palipo na hesabu ya namna hiyo hapana anayeuliza iwapo aliyeshangilia aliridhia.

Wahakiki hawana udhuru wa kusema kwamba jambo hili ni la wanateolojia. Hakuna idara ya fasihi nchini isiyomfundisha mwanafunzi kuhusu Kamirithu na igizo la Ngaahika Ndeenda la mwaka 1977, na jinsi wanakijiji wa Limuru walivyouvunja ukuta kati ya jukwaa na hadhira kwa kushiriki katika utunzi na uigizaji. Mwanafunzi hufundishwa kwamba ukuta huo ni urithi wa kikoloni. Jumapili mwanafunzi yuleyule, na mara nyingine mwalimu wake, husimama katika jengo ambamo ukuta huo unajengwa upya kwa vipaza sauti na kinanda cha umeme, hushuhudia mwitikiaji akigeuzwa mtazamaji, na Jumatatu hurudi darasani kuandika tasnifu juu ya takriri katika tenzi zilizotafsiriwa.

Machi 2020, kwa sababu ya janga la korona, makanisa ya Kenya yalifungwa, na yalipoanza kufunguliwa Julai mwaka huo ibada zilibanwa kwa muda wa saa moja na watu wasiozidi mia moja. Katika miezi ya kufungwa Misa zilirushwa kwa televisheni na kwa simu kutoka kwenye makanisa matupu. Waimbaji wachache walisimama mbele ya kamera, na mashangilio yote yakaimbwa: Aleluya, Mtakatifu, Amina Kuu. Hayakupungua neno. Yalisikika karibu sawa na yalivyosikika mwezi Februari, kabla waumini hawajaondoka. Wakati huohuo, katika vyumba vya kukaa, watu waliokuwa wameketi na watoto wao walimwitikia Amina padri asiyeweza kuwasikia.